Waliolala Pembeni mwa Shamba Letu

Saboti,
Januari 2006

Kamau mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga baba yako mdogo Njoroge, na ninamjua, hatakuachilia mpaka umekula na kuombewa. Kwa hivyo nina saa kadhaa peke yangu. Mambo ya nguo, ya chakula na ya watu wa kuepuka huko Kilifi unakokwenda kuanza kazi sitayaandika hapa. Una miaka ishirini na minne, umesoma, na hayo utayajua mwenyewe au utayakosea mwenyewe. Ninachokuandikia ni jambo ambalo nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama ng'ombe wamepewa maji.

Ni habari ya ile pembe ya chini ya shamba, alikozikwa baba yako.

Wewe unajua kwamba pale hatulimi kwa sababu ni mahali pa baba. Lakini baba yako ana miaka mitano tu pale. Pembe ile ilikuwa hailimwi tangu guka yako, babu yule uliyepewa jina lake, alipotoka Murang'a akanunua hisa za kampuni ya kununua mashamba na kupimiwa ekari zake. Nilipoolewa nilimkuta akilima kwa ng'ombe, na kila alipofika pale aligeuza jembe. Kulikuwa na marundo tisa ya mawe, yamepangwa kwa mistari miwili, nyasi zimeyafunika nusu. Nilimuuliza mara moja. Akaniambia, "Hao walitutangulia. Waache." Kisha akawapigia ng'ombe mluzi, wakaendelea. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi nilikuwa mgeni bomani, sikuuliza tena.

Kwamba shamba hili lilikuwa la mzungu, hilo umelisikia. Ambalo hujalisikia, kwa sababu kwetu halisemwi, ni kwamba mzungu hakulilima kwa mikono yake. Chini karibu na mto kulikuwa na kambi ya wafanyakazi. Wengi walitoka pande za Bungoma, wachache walikuwa watu wa mlimani. Waliishi pale miaka na miaka, wakazaa, wakazika. Mzungu alipouza, waliambiwa waondoke, wakaondoka, na sisi tukaingia. Mahali palipokuwa na majivu ya meko yao tulipanda viazi, na vilimea vizuri sana.

Guka alipofariki, wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba yako alikuwa karani katika ghala la mahindi mjini Kitale na alikuja nyumbani Jumamosi. Tulikaa katika nyumba ya udongo, na mimi niliichukia nyumba ile. Wakati wa mvua ukuta wa upande wa mlima ulikuwa ukitoa jasho, na wewe ulikohoa kuanzia Aprili hadi Agosti. Tukakusanya mabati na mbao, tukapata fundi. Mawe ya msingi yalikuwa yaletwe na lori, na lori halikuja. Fundi alikaa siku mbili akinywa chai yangu bila kazi. Siku ya tatu nilimpeleka kule pembeni nikamwonyesha yale marundo. Aliuliza ni mawe ya nini. Nikamwambia ni mawe tuliyookota wakati wa kulima.

Hiyo ndiyo nyumba uliyokulia, Kamau. Baba yako alipokuja Jumamosi, msingi ulikuwa umekwisha. Aliuliza mawe yametoka wapi, nikamwambia, naye akaenda kunawa mikono. Siandiki haya ili nimtie yeye lawamani. Aliyeamua ni mimi.

Mwaka uliofuata, kabla mvua haijaanza, alikuja mzee. Alikuwa mrefu, amevaa koti jeusi la zamani, viatu amevishika mkononi ili visichakae kwa safari. Alipiga hodi vizuri, nikampa kiti na maji. Alimuulizia guka yako. Nilipomwambia amefariki, aliinamisha kichwa, nami nikashangaa kwamba walijuana. Kisha akasema guka alikuwa akimruhusu kupita, kila baada ya miaka miwili au mitatu, na sasa anaomba ruhusa kwangu.

"Mama, nilikuja tu kuona kabuli ya mama yangu," alisema.

Alilitamka hivyo, kama watu wa Bungoma wanavyolitamka, na mimi nikajifanya sikuelewa. Nikamuuliza kabuli ni kitu gani. Akalirudia polepole, bila hasira, huku akionyesha kule chini kwa mkono ulioshika viatu. Nilikuwa nimeelewa tangu mara ya kwanza.

"Hapa hakuna kaburi," nikamwambia. "Hapajawahi kuwa na kaburi."

Alitazama kule pembeni, palipokuwa wazi sasa. Halafu akatazama nyumba. Msingi ulikuwa haujapigwa plasta. Aliutazama kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwa nimekubeba. Alimaliza maji yake, akashukuru, akaenda.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza zaidi ya vile utakavyoniuliza wewe. Hati zetu zilikuwa bado hazijatoka. Sokoni, kanisani, kila mahali ilisemwa kwamba mwenye kaburi ndiye mwenye shamba, na kwamba siku moja watu watarudi na majembe. Niliamini kuwa mzee yule amekuja kupeleleza. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa nimechukua mawe yake, na nilipomwona ana adabu nilimchukia kwa sababu hiyo. Angenitukana ningeona afadhali.

Alirudi mwaka mwingine. Nilimwona kupitia dirisha akija, nikafunga mlango, nikakaa ndani na wewe, nikikupa sukari ili usilie. Alingoja langoni mpaka adhuhuri.

Mara ya tatu hakupiga hodi. Alikuja na binti yake, msichana wa miaka kama kumi na saba, wakapita kando ya ua wakaenda moja kwa moja kule pembeni, wakakaa chini kwenye nyasi. Hawakuwa wakifanya lolote. Walikaa tu. Mimi nikachukua mwavuli, maana mvua ilikuwa imeanza kunyesha, nikaenda kumwita naibu wa chifu wa wakati huo. Alikuja na askari wawili. Mzee aliinuka mwenyewe kabla hawajamgusa. Walimfungia katika chumba cha ofisi mpaka jioni, wakaandika karatasi kwamba hatakanyaga tena shamba hili, na kwa kuwa hakujua kuandika akatia kidole gumba. Nilipewa nakala. Nilipotoka ofisini yule binti alikuwa amesimama nje, nguo zimemgandama mwilini kwa mvua. Nilipita karibu naye, nimejifunika mwavuli wangu, sikumtazama usoni.

Hakurudi tena.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata baba yako sikumwambia. Mama yangu, yule cucu unayemkumbuka kwa ugoro wake, alikufa hajui baba yake alizikwa wapi. Babu huyo alichukuliwa wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, akapelekwa kambini kizuizini, na habari zikaishia hapo. Nikiwa mtoto nilimwona mama akiwasimamisha wanaume barabarani, wale waliorudi, akiwauliza kama walimwona mtu mwenye kovu hapa shingoni. Wengine walimjibu vizuri. Mmoja alimwambia aache kusumbua watu. Mama alirudi nyumbani akalala mchana kutwa, na mimi nikaapa kitoto kwamba yule mwanaume nikimpata nikiwa mkubwa nitamwua. Nilijua, Kamau. Sikufanya kwa kutojua. Watu husema aliyeumia hujifunza huruma. Mimi sikujifunza. Nilijifunza kuogopa tu, na mwoga akipata shamba na askari wa kumwita, ni mtu hatari.

Miaka ikapita. Hati ikatoka. Nyumba ikapigwa plasta, ukaacha kukohoa, ukaenda shule. Nilikuwa mweka hazina wa akina mama kanisani, na sikuwa nikifikiria mambo yale hata mara moja kwa mwezi.

Kisha baba yako akafariki. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umekaa na wajomba zako nyuma ya nyumba, na ninakumbuka ulikuwa umevaa saa yake ingawa ilikuwa kubwa kwako. Mimi ndiye niliyechagua mahali pa kuchimba. Nilichagua pale pembeni kwa sababu hapakuwa na mazao. Kama kulikuwa na sababu nyingine moyoni mwangu siku ile, siijui. Baada ya muda mmoja wa wachimbaji alikuja kuniita kando. Walikuwa wamekuta mifupa ya mtu, na karibu yake mifupa mingine midogo sana, kama ya kuku, akasema, lakini si ya kuku. Nilienda nikaona. Nikawaomba wafukie vizuri, wasogee hatua nne upande wa juu, na wasimwambie mtu. Walikubali kwa heshima ya msiba. Saa nane tukamzika baba yako, tukaimba, na mchungaji akasema amelala mahali pa amani.

Tangu siku ile sikupata raha. Siyo kwamba niliota ndoto au niliona vitu. Nilikuwa nikiosha vyombo na kujiuliza: ni nani hawa niliomweka mume wangu katikati yao? Kila jirani wa baba yako akiwa hai nilimjua kwa jina, na jina la ng'ombe wake. Hawa sikujua hata walikuwa wanaume au wanawake. Basi nikaitafuta ile karatasi. Ilikuwa katika bahasha ya risiti za mbolea. Jina lilikuwa Makokha Wasike, wa Misikhu.

Zile safari zangu za mikutano ya akina mama, ambazo ulikuwa ukinicheka kwamba nimekuwa mwanasiasa, hazikuwa za mikutano. Nisamehe uongo huo. Nilianzia Endebess, kwa sababu niliambiwa kuna mzee huko aliyekuwa dereva wa trekta la mzungu wetu. Anaitwa Mzee Simiyu. Macho yake yalikuwa yamekwisha, alikaa barazani akisokota kamba kwa kupapasa. Mara ya kwanza alikataa kusema. Aliniuliza nimetumwa na nani, nikamwambia sijatumwa, akasema basi nirudi nikishajua ninachotaka. Mara ya pili alizungumza juu ya matrekta tu. Mara ya tatu nilimwambia ukweli wote, mawe, mwavuli, kidole gumba, naye akaendelea kusokota kamba mpaka nikainuka kwenda. Ndipo akasema, "Keti. Lete daftari."

Nilifika kwake mara tano kwa jumla. Aliwajua saba kati ya wale tisa. Wawili waliobaki walikuja kuvuna pareto, wakaugua na kufa kabla hajajua majina yao.

Halafu nikaenda Misikhu. Nilikaa stendi ya pale kwa muda, nikakaribia kupanda gari la kurudi. Nikauliza watu wa sokoni kama wanamjua Makokha Wasike. Mwanamke mmoja muuza nyanya akasema mzee huyo alikufa zamani, lakini binti yake Nekesa anauza dagaa wa omena pale mwisho wa mstari. Nilipofika, Nekesa alikuwa akipimia mteja kwa kopo. Aliinua macho, akaniona, kopo likabaki hewani.

"Wewe ni yule mama wa mwavuli," akasema.

Nikasema ndiyo. Alimalizia kupima, akafunga kwa gazeti, akarudisha chenji. Akanionyesha gunia la kukalia. Nilikaa pale tangu saa nne hadi soko lilipoanza kufungwa, naye akihudumia watu, akicheka nao, hanisemeshi. Nilifikiri ananiadhibu. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa anajizuia asinirushie kopo, na kwamba wateja ndio waliomsaidia.

Jioni ile ndipo nilipomjua Nanjala, mama yake Makokha. Nataka na wewe umjue, maana amelala hatua nne kutoka kwa baba yako.

Alizaliwa mwaka wa njaa, ndiyo sababu ya jina. Alikuja huku na mumewe aliyekuwa anatafuta kazi apate pesa ya kodi, na mume akaondoka kwenda kutafuta kazi nyingine asirudi. Nanjala akabaki kambini na mtoto mmoja, akichuma maua ya pareto. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu, na alipenda sana kucheka watu wakianguka kwenye matope. Wakati mmoja alikataa kuweka kikapu chake kwenye mizani kwa sababu alisema mizani ya nyapara inakula maua. Alinyimwa posho wiki mbili. Wanawake wenzake walimlisha, kila mmoja kijiko kimoja kutoka sufuria yake, na yeye hakuomba msamaha. Miaka kadhaa baadaye alichukua mimba tena, na nani, Nekesa hajui wala hakuona aibu kuniambia hajui. Alikufa wakati wa kujifungua, yeye na mtoto, katika msimu wa mvua. Watu waliomba lori limpeleke kwao Bungoma azikwe kwa baba yake. Wakaambiwa lori ni la maziwa. Wakamzika pembeni, mtoto akiwa amelazwa ubavuni mwake.

Makokha alikuwa na miaka tisa hivi, akichunga ndama wa mzungu. Kila jioni akishafunga ndama alishuka mtoni, akachagua jiwe moja analoweza kulibeba, akapanda nalo hadi kaburini. Jiwe moja kwa siku moja. Mahindi yaliyopandwa wiki ya mazishi yalikuwa yamemfika magotini alipomaliza. Watu wa kambi walipoona, mwingine alipokufa walimwomba yeye, kile kitoto, awapangie mawe. Akafanya hivyo mara nane tena, mpaka akawa kijana. Marundo yote tisa yalikuwa kazi ya mikono yake.

Nekesa alisema baba yake hakuwahi kutaka shamba. Alikuwa na ekari moja na nusu Misikhu na hiyo hiyo ilimchosha. Siku waliporudi kutoka kwa naibu wa chifu aliingia ndani akakaa, na tangu hapo hakutaja tena jina la mama yake. Alikufa miaka sita baadaye.

Nilimwomba Nekesa msamaha. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sitasema nimekusamehe," akasema. "Mwenye kusema hivyo alikufa. Lakini nitakuja nione mahali."

Alikuja mwezi wa nane uliofuata, wewe ukiwa chuoni. Hakutaka chai wala kuingia ndani. Aliuliza mawe yako wapi. Nikachukua kisu nikakwangua plasta chini ya dirisha la chumba chako mpaka jiwe likaonekana, naye akachuchumaa akaweka kiganja juu yake. Ulipokuja likizo uliniuliza nani ameharibu ukuta, nikakuambia ni kuku. Tulishuka pembeni. Aliuliza kaburi lenye msalaba ni la nani, nikamweleza, na nikamweleza habari ya mifupa mikubwa na ile midogo. Alielewa kabla sijamaliza. Aliniuliza Nanjala alikuwa ameelekezwa kichwa upande gani. Nikamwambia sikuangalia. Hilo ndilo lililomliza. Mengine yote aliyastahimili, lakini hilo alilia, na mimi nilisimama kando nisijue pa kuweka mikono yangu. Nilimpa ile karatasi. Aliweka kidole gumba chake juu ya alama ya kidole cha baba yake, akakipima, kisha akaikunja akaitia kifuani, akaenda nayo.

Nilitaka kufanya jambo la haki baada ya hapo. Nilimwambia baba yako mdogo kwamba nataka kuzungushia pembe ile ua, na kuweka kibao chenye majina. Alikataa. Alisema, "Shemeji, ukiandika jina moja leo, kesho utaletewa ukoo mzima." Usimchukie kwa hilo. Njoroge si mtu mbaya. Ana hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi, na hofu hiyo haikutoka hewani, unajua jinsi watu wanavyosemana huku kila uchaguzi unapokaribia. Lakini mimi ningeweza kuendelea bila yeye, hati ina jina langu. Sikuendelea. Nilisema nitangoja mvua iishe, halafu nitangoja mavuno, halafu nitangoja umalize chuo. Hadi leo pale hakuna ua wala kibao. Nilidhani nikishajua kosa langu nitakuwa mtu mwingine. Nimebaki yule yule, isipokuwa sasa ninajua.

Kwa hivyo nakuandikia wewe majina, angalau yawe kwenye karatasi moja mahali fulani. Nanjala na mtoto wake mchanga. Kibet, mtu wa mlimani, aliyetunza farasi wa mzungu na kupigwa teke na mmoja wao. Aliishi siku nne. Sitati, aliyegawa posho na kupiga kinubi cha litungu siku ya mshahara, na Mzee Simiyu anasema alikuwa mwizi kidogo lakini hakuna aliyemchukia. Wanyonyi na mkewe Naliaka, waliokufa kwa homa katika wiki moja. Mtoto wao, aliyewafuata, hakuwa amepewa jina. Nafula, msichana mchota maji, aliyeumwa na nyoka. Na wale wawili waliokuja kuvuna pareto.

Kesho unakwenda kupima ardhi za watu. Nimeitazama ile ramani ya shamba letu ambayo hati imebandikwa nayo. Ina mto, ina barabara, ina mawe ya mpaka yenye nambari. Kambi haimo. Marundo hayamo, ingawa siku ile mpimaji alipopita yalikuwepo na lazima aliyaruka kwa miguu yake. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na kazi ya kumaliza kabla ya mvua na hakuna aliyemlipa kuuliza. Mimi sijui kazi yako, siwezi kukufundisha. Nakuambia tu kilichotokea baada ya mtu kama wewe kupita hapa.

Na shamba litakuwa lako. Utakavyofanya na pembe ile sitakuamuru, kwa sababu sina haki ya kukuamuru kufanya nilichoshindwa kufanya miaka mitatu nikiwa na nguvu zangu. Nina ombi moja tu, na hili ni langu mwenyewe.

Nikifa, watu watataka kunilaza kando ya baba yako. Njoroge ataanza kuchimbisha kabla gari lako halijafika Nakuru. Mpigie simu umzuie. Siku ile Nekesa alipokuja nilimuuliza kama siku yangu ikifika ningeweza kulala pale, na hakunijibu, akafunga kitambaa chake akaenda. Nimemwona mara mbili tangu hapo na sikuthubutu kuuliza tena. Kwa hivyo kabla udongo haujaguswa, nenda Misikhu. Usitume mtu. Nenda mwenyewe, upige hodi, ukae utakapoonyeshwa, hata kama ni juu ya gunia, hata kama ni kutwa. Kama Nekesa hayupo, waulize watoto wake. Wa kwanza ni msichana, naye anaitwa Nanjala. Waambie wewe ni nani na mama yako alikuwa nani, usipunguze kitu. Wakikubali, nizike pale. Wakikataa, usiwaulize sababu. Rudi unizike kule juu karibu na barabara, ambapo nimeulizia na kuhakikisha kwamba hakuna mtu.

Ni mimi mama yako,
Wairimu